Usimamizi wa usanidi kwenye miradi ya teknolojia ya usafiri: pa kuanzia

Lori limeacha njia na kuling'oa kabati la taa za makutano, pamoja na nguzo na kamera iliyokuwa juu yake. Vipuri vipo ghalani, fundi yupo, gari lipo. Je, mtapata wapi mpango wa muda wa taa uliokuwa ukifanya kazi asubuhi hiyo, mchoro wa waya, anwani ya IP ya kamera na toleo la programu ya ndani (firmware) ya kidhibiti, yaani kompyuta ya kabatini inayoendesha taa? Kama jibu ni "ipo kwenye laptopu ya fulani" au "mkandarasi anajua", mradi hauna usimamizi wa usanidi, hata kama upo mpango mnene uliosainiwa na kila mkuu wa idara.

Usimamizi wa usanidi ni kazi ya kuhakikisha kwamba kilichoidhinishwa, kilichoandikwa na kilichofungwa barabarani ni kitu kimoja. Viwango vinavyoelezea kazi hii, kama ISO 10007, IEEE 828 na EIA-649, huigawanya kwa namna zinazokaribiana: kupanga, kutambua vipengele, kudhibiti mabadiliko, kutunza kumbukumbu za hali, na kukagua. Mgawanyo huo ni mzuri, ila haukuambii uweke nguvu wapi. Mifumo ya usafiri ina sura yake: vifaa vimetawanyika kwa kilomita nyingi, vinaguswa na mafundi wa taa, watu wa mtandao na wakandarasi, na mara nyingi vinaguswa usiku, mvua ikinyesha, simu zikilia. Rekodi hazipotelei kwenye vikao. Zinapotelea kabatini, na huko ndiko sehemu kubwa ya mwongozo huu inakoelekea.

Amua nini kifuatiliwe

Miradi mingi huanza kwa kutaka kuorodhesha kila kitu mpaka skrubu, halafu daftari linakufa ndani ya miezi michache kwa sababu hakuna anayeweza kulilisha. Tumia kipimo chenye maswali mawili. Kitu hiki kikibadilishwa peke yake, tabia ya mfumo inaweza kubadilika? Kikipotea, kitarudi bila mtu kukaa chini na kukitengeneza upya? Ukijibu ndiyo kwa la kwanza au hapana kwa la pili, hicho ni kipengele cha kufuatiliwa.

Kwa makutano moja yenye taa, orodha inayotosha huwa hii:

- kidhibiti taa (modeli, namba ya ufuatiliaji ya kiwanda, toleo la programu ya ndani)
- faili ya mipangilio ya kidhibiti, yenye mipango ya muda, awamu (zamu za kila mkondo kupata kijani) na ratiba za siku
- kilinda-mgongano (kifaa kinachochunguza taa zisizopaswa kuwaka pamoja) na kadi yake ya mipangilio
- vihisi vya magari pamoja na mipaka ya maeneo yanayohisiwa
- swichi ya mtandao au modemu, na mipangilio yake
- kamera na nafasi zake za kutazama zilizohifadhiwa
- mchoro wa waya za kabati

Kwenye kituo cha udhibiti ongeza programu ya usimamizi, hifadhidata na muundo wake, ramani ya skrini ya waendeshaji, na sheria za mbao za ujumbe. Nguzo, mabano na vifuniko viache kwenye orodha ya mali. Balbu pia.

Vitu vinavyosahaulika ni vile visivyoonekana kama mipangilio. Kamera ya kuzungushwa, kwa mfano, mara nyingi hutunza nafasi zake ndani ya kamera yenyewe. Ukiifunga mpya yenye anwani ileile ya IP, picha inakuja vizuri, lakini mwendeshaji akibonyeza "nafasi ya 3" kamera inaangalia ukuta. Rada ya kuhesabu magari ni vivyo hivyo: mipaka ya njia imo ndani ya kifaa, na kifaa kipya ambacho hakijapimiwa mipaka upya kitaendelea kutuma takwimu zenye sura ya kawaida kabisa huku kikihesabu njia mbili kama moja. Hitilafu ya namna hii haiwashi taa yoyote nyekundu kituoni, kwa hiyo inaweza kukaa muda mrefu na kuharibu ripoti zote zinazotegemea takwimu hizo.

Tenganisha nafasi na kifaa

Huu ndio uamuzi mmoja wa mwanzo ambao ukikosewa haurekebishiki kwa urahisi. Nafasi ni mahali penye kazi: "kamera ya kaskazini, makutano 0147". Kifaa ni bati lenye namba ya kiwanda. Mipangilio ni ya nafasi. Historia ya matengenezo na dhamana ni ya kifaa. Kamera ikiondolewa, ikapelekwa karakana, kisha ikafungwa makutano mengine, rekodi yake inapaswa kuhama nayo, lakini anwani ya IP na nafasi za picha zibaki kule zilikokuwa.

Mkivichanganya, mtaona dalili hizi: anwani moja ya IP kwenye vifaa viwili, kwa sababu kipuri kilirudi kazini kikiwa na mipangilio ya kule kilikotoka, dhamana inayodaiwa kwa kifaa ambacho kiko upande mwingine wa mji, na kumbukumbu za hitilafu zinazolaumu makutano ambayo hayana kosa.

Namba ya nafasi iwe fupi na isiyobeba maana nyingi. TAA-0147-KAM-02 inatosha: aina ya eneo, namba ya eneo, aina ya kipengele, mfululizo. Usiingize jina la barabara, kwani barabara hubadilishwa majina. Usiingize jina la mtengenezaji pia, maana mwaka kesho atakuwa mwingine. Namba ikishatolewa isitumike tena hata nafasi ikifutwa. Tarehe kwenye majina ya faili ziandikwe mwaka-mwezi-siku, 2025-03-14, ili zijipange zenyewe.

Tunza faili kwa namna itakayofunguka kesho

Faili ya mipangilio iliyotolewa kwenye kidhibiti mara nyingi hufunguka kwa programu ya mtengenezaji pekee, na wakati mwingine kwa toleo lilelile la programu hiyo. Kwa hiyo kila mnapohifadhi faili, hifadhini vitu vitatu pamoja: faili yenyewe, chapisho lake linalosomeka kwa macho (PDF au maandishi ya kawaida), na kisakinishi cha programu iliyoitengeneza. Wengi huacha hicho cha tatu, na ndicho kinachowakwamisha miaka mitano baadaye.

Kwa faili za maandishi, hati za programu na mipangilio ya swichi, tumieni Git, programu ya kutunza matoleo ya faili. Kwa faili nzito zisizo za maandishi, hifadhi yenye matoleo inatosha, mradi kila faili iwe na alama ya SHA-256 iliyoandikwa kwenye daftari. Alama hiyo ya herufi na tarakimu 64, inayokokotolewa kutoka kwenye faili yenyewe, ndiyo njia rahisi ya kujua kama faili iliyo kwenye laptopu ya fundi ni ile iliyoidhinishwa au ni "ile niliyoirekebisha kidogo".

Manenosiri na funguo za siri zisiingie humo kabisa. Mipangilio ya swichi ikitolewa nzima hubeba manenosiri ndani yake, na mara nyingi kwa namna inayovunjika kirahisi. Yaondoeni kabla ya kuhifadhi, na kwenye daftari muandike tu yanakotunzwa.

Matoleo ya programu za ndani yafuatilieni kwa kila kifaa, si kwa kila modeli. Mfano mzuri wa sababu yake ni hesabu ya wiki ya GPS. Ishara ya asili ya GPS huhesabu wiki 1,024 tu kisha inarudi sifuri. Ilirudi Agosti 1999 na tena Aprili 2019, na itarudi Novemba 2038. Vipokezi vyenye programu ya zamani vinaweza kuruka nyuma karibu miaka 20. Taa zinazopata saa kutoka kwa kipokezi cha namna hiyo zikipotewa na tarehe, zinaweza kuendesha mpango wa sikukuu siku ya kawaida ya kazi. Mwenye orodha ya matoleo kwa kila kifaa anajua ndani ya dakika chache ni vingapi viko hatarini na viko wapi. Asiyekuwa nayo anatuma magari yazunguke makutano yote.

Toleo la msingi

Toleo la msingi ni picha ya mfumo wote kwa wakati mmoja, iliyokubaliwa na kusainiwa, ambayo mabadiliko yote yanapimwa kutoka hapo. Katika mradi huwa kuna angalau matatu: la mahitaji, baada ya kukubaliana mfumo ufanye nini, la usanifu, baada ya kupitisha michoro na miingiliano, na la mfumo uliojengwa, baada ya majaribio ya kupokea kazi.

La tatu ndilo lenye faida kubwa zaidi na ndilo linalochezewa zaidi, kwa sababu mkandarasi hukabidhi michoro ya usanifu iliyobadilishwa muhuri na kuitwa michoro ya kilichojengwa. Njia ya kulinda: msikubali toleo hilo kabla ya kufungua makabati machache yaliyochaguliwa bila taarifa na kulinganisha waya kwa waya. Mkikuta hata kabati moja halilingani, rudisheni kifurushi chote. Kabati lililokosewa kwenye sampuli ndogo maana yake michoro haikuandikwa kwa kutazama kilichofungwa.

Ombi la badiliko, kwa mfano mmoja

Chukua badiliko linaloonekana dogo: kuongeza mshale wa kukata kona kwenye makutano ambayo tayari yana taa. Kwenye barua ni sentensi moja. Ukilifuatilia linagusa haya.

Faili ya kidhibiti inapata awamu mpya, na mzunguko wote unagawanywa upya. Kabati linahitaji swichi ya kuendesha taa kwenye nafasi iliyokuwa tupu, na waya mpya kwenda nguzoni. Kilinda-mgongano ndicho cha kuangaliwa kwa makini. Kazi yake ni kuchunguza kama taa mbili zisizopaswa kuwaka pamoja zimewaka pamoja, na ikitokea hivyo huyatupa makutano yote kwenye hali ya kuwaka na kuzimika. Kinajua jozi zinazoruhusiwa kwa kusoma kadi yenye viunganishi vidogo vya waya. Kwa kifaa cha chaneli 16 jozi zote zinazowezekana ni 120. Kadi isipobadilishwa pamoja na faili, mshale utakapowaka mara ya kwanza kilinda-mgongano kitaona kosa na makutano yatakwenda kuwaka na kuzimika. Hilo ndilo kosa la heri. Kosa baya ni fundi aliyechoka kuunganisha jozi nyingi kuliko zinazohitajika ili "iache kusumbua": taa zitafanya kazi, na ulinzi utakuwa umeondoka bila yeyote kuona.

Halafu kihisi cha njia ya kukata kona kipangiwe awamu mpya. Kama makutano yameunganishwa na jirani zake kwa mzunguko wa pamoja, sekunde za kupishana nazo zinahama, kwa hiyo faili za makutano mawili au matatu mengine nazo zinaguswa. Ramani ya skrini kituoni inahitaji mshale, la sivyo mwendeshaji ataona taa nyekundu ambapo barabarani ni kijani. Na mchoro wa waya unaobandikwa ndani ya mlango wa kabati ubadilishwe siku hiyohiyo.

Fomu ya ombi basi iwe na mambo haya tu: nafasi zinazoguswa kwa namba zake, nini kinabadilika, kutoka thamani gani kwenda thamani gani, kwa nini, nani atajaribu na vipi, jinsi ya kurudi nyuma na itachukua muda gani, nani ameidhinisha. Ukurasa mmoja. Sehemu ya kurudi nyuma isikubaliwe ikiwa imeandikwa "tutarejesha faili ya zamani" bila kutaja faili ipi, toleo lipi, na nani anayo. Kwa mshale wetu, kurudi nyuma ni faili ya zamani pamoja na kadi ya zamani, zote mbili mkononi mwa fundi kabla hajafungua mlango.

Si kila badiliko liende kwenye kamati. Madaraja matatu ya mabadiliko yanatosha:

- Daraja la 1: lolote linalogusa usalama. Muda wa njano, muda wa nyekundu ya pande zote, muda wa waenda kwa miguu kuvuka, kadi ya kilinda-mgongano, programu ya ndani ya kidhibiti. Mhandisi wa taa asaini, na lijaribiwe mezani kwanza.
- Daraja la 2: linalogusa vipengele zaidi ya kimoja au idara zaidi ya moja. Kamati ya watu watatu hadi watano. Wakizidi hapo vikao havifanyiki.
- Daraja la 3: kubadilisha kifaa kwa kingine cha modeli na toleo lilelile, au kurekebisha sekunde za kijani ndani ya mipaka iliyokwisha kubaliwa. Fundi mkuu aidhinishe, iandikwe, basi.

Majaribio ya mezani yanahitaji kidhibiti cha akiba chenye toleo lilelile na sanduku la swichi za kuigiza magari. Acheni kiendeshe mzunguko wa siku nzima, kikipita kila mpango wa muda. Mpango wa usiku wa manane ndio usiojaribiwa na mtu, na ndio unaowaamsha watu.

Kazi ya dharura

Hapa ndipo taratibu nzuri zinapovunjikia. Fundi yuko barabarani saa nane usiku, makutano yamezima, na fomu inadai saini ya mtu aliyelala. Atarekebisha bila fomu, na hatarudi kuijaza. Msipigane na hilo. Ruhusuni dharura ifanywe kwanza, lakini mfanye kuandika kuwe kazi ya dakika mbili.

Wekeni kadi ngumu ndani ya mlango wa kila kabati, yenye safu nne: tarehe na saa, nani, nimetoa nini, nimeweka nini. Fundi aijaze kwa kalamu, kisha apige picha tatu kwa simu: hiyo kadi, lebo ya namba ya kiwanda ya kifaa kipya, na skrini inayoonyesha toleo la programu ya ndani. Azitume kwenye namba au kundi moja linalojulikana. Mtunza daftari aingize rekodi kesho yake kazi ikianza, na ombi la badiliko lifunguliwe nyuma yake ndani ya siku moja ya kazi. Kadi ibaki kabatini hata kama daftari ni la kompyuta: mtandao wa simu ukikata, fundi anayefuata anaona nini kilifanyika.

Vipuri vyenyewe ni sehemu ya utaratibu huu. Kidhibiti kilichokaa rafuni mwaka mzima kina programu ya mwaka jana. Kila toleo jipya linapoidhinishwa kwa barabarani, vipuri vya rafu na vya kwenye magari vibadilishwe wiki hiyohiyo, na vibandikwe lebo ya toleo. La sivyo dharura ya kwanza itarudisha barabarani toleo mlilokwisha kulikataa.

Data ya ratiba nayo ni usanidi

Kwenye mabasi na treni, kitu kinachobadilika mara nyingi kuliko vyote ni ratiba, na watu wengi hawaihesabu. Mkitumia GTFS, muundo wa pamoja wa kuchapisha ratiba za usafiri wa umma, faili ya feed_info.txt ina sehemu ya toleo na tarehe za kuanza na kuisha. Zijazeni kila mara. Taarifa za wakati halisi hurejelea vitambulisho vya safari na vituo vilivyomo kwenye ratiba. Mkichapisha ratiba mpya yenye vitambulisho vilivyozalishwa upya huku mfumo wa magari ukitumia vya zamani, makadirio ya kufika yanapotea kwenye programu za abiria ingawa kila seva inaonyesha kijani.

Basi lisilorudi karakana usiku wa kubadilisha ratiba ndilo chanzo kingine. Kama magari hupokea faili kwa Wi-Fi ya karakana, toeni ripoti kila asubuhi ya magari ambayo bado yako kwenye toleo la zamani, na mfumo uweze kubeba matoleo mawili kwa siku chache.

Ukaguzi

Kila robo mwaka kagueni sehemu ya kumi ya maeneo. Nusu yachaguliwe kwa bahati nasibu, nusu nyingine iwe yale yaliyotembelewa na mafundi mara nyingi karibuni, maana ndiko tofauti hujikusanya. Linganisheni vitu vitatu: kilichopo, kilichoandikwa, kilichoidhinishwa.

Mkikuta tofauti, msikimbilie kusukuma faili ya kituoni kwenda kabatini. Huenda kilichopo kabatini ndicho sahihi: fundi alirekebisha sekunde za kuvuka baada ya malalamiko, akasahau kuandika. Faili ya kituoni ikimwagwa juu yake, marekebisho yanafutika na tatizo la zamani linarudi bila mtu kujua limetoka wapi. Toeni kwanza nakala ya kilichopo, muihifadhi, mhandisi aamue kipi kibaki, ndipo mbadilishe upande uliokosea. Tofauti zinazogusa daraja la 1 zishughulikiwe siku hiyohiyo.

Andikeni pia sababu ya kila tofauti. Zikijirudia kwa kundi moja la mafundi au mkandarasi mmoja, utaratibu ndio una kasoro mahali fulani, pengine fomu ndefu mno au laptopu isiyo na programu sahihi.

Kwenye mkataba

Mambo yafuatayo yaingie kabla ya kusaini, kwa sababu baada ya hapo kila moja lina bei yake: faili zote za mipangilio zikabidhiwe katika hali ya kuharirika, visakinishi na leseni ziwe kwa jina la mwenye mfumo, nywila za msimamizi zikabidhiwe siku ya kupokea kazi, mkandarasi atumie namba za nafasi za mwenye mfumo, si zake, na asibadilishe toleo lolote kwa mbali bila ombi lililoidhinishwa. Hilo la mwisho liungwe mkono na mtandao: njia ya mkandarasi ya kuingia kwa mbali ibaki imefungwa, ifunguliwe kwa ombi, na ijifunge yenyewe muda ukiisha.

Kuondoa kipengele

Kifaa kinachotolewa kazini kifutwe mipangilio na manenosiri kabla ya kutoka karakana, kwani ndani yake kuna ramani ya mtandao wenu. Vyeti vyake vya usalama vibatilishwe, kiondolewe kwenye orodha ya kituo cha udhibiti ili kisiendelee kupiga kengele za kupotea, na anwani yake ya IP ikae bila kutumika mpaka rekodi zote zinazoitaja zifungwe. Nafasi nayo ikifutwa, rekodi yake ibaki kwenye daftari ikiwa na tarehe na namba ya ombi lililoifuta.